Mwalimu Asiyeandikwa

Mwezi wa Agosti mwaka 2002 nilikuwa karani wa sensa katika kata yetu ya Kwaluguru, wilayani Handeni. Elimu yangu ni ya darasa la saba tu, lakini mwandiko wangu ulisomeka, na wanakijiji walinijua kuwa mtu wa vitabu. Nikapita nyumba hata nyumba na madodoso kwapani. Siku ya tatu nikafika kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa ameketi juu ya kigoda chini ya mwembe wake. Nikamwamkia, akaniitikia, nikaanza kazi. Nikamwuliza jina, kana kwamba silijui. Nikamwuliza umri, tukaukadiria kwa mwaka wa njaa. Nilipofika penye swali la kazi sikumwuliza. Niliandika “mkulima”, nikageuza ukurasa.

Mjomba hakujua kusoma, lakini alikuwa akiiangalia kalamu.

“Hapo umeandika nini, mpwa wangu? Mbona hukuniuliza?”

“Ni pa kazi, mjomba. Nimeandika mkulima.”

Akanyamaza kitambo, akitazama uwanja uliokuwa mbele yetu. Kisha akasema, “Sawa. Shamba ninalo.”

Maneno hayo matatu nimekaa nayo miaka zaidi ya 20. Msomaji ataniuliza, kosa liko wapi? Kwetu kila mtu ni mkulima. Mtu asiyelima mahindi Uziguani atakula nini? Ni kweli, mjomba alilima. Lakini kila msimu wa mavuno ulipokwisha, kwa muda uliozidi umri wangu, uwanja ule wa chini ya mwembe ulikuwa chuo cha ngoma, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wake mkuu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Nililijua jambo hilo kuliko karani mwingine yeyote ambaye angetumwa nyumbani kwake siku ile.

Chuo hicho hakikuwa na mlango, seuze daftari la mahudhurio. Kilikuwa na watumishi, na kila mmoja alikuwa na kazi yake isiyoingiliwa na mwingine. Mjomba alikuwa sogora, mpigaji wa ngoma kubwa. Alikuwapo bibi mmoja mjane, ndiye malenga, aliyehifadhi nyimbo na kujua upi ni wa msiba, upi ni wa arusi, na upi usiotoka mbele ya watoto. Alikuwapo mzee wa kuwamba, aliyechagua ngozi kwa kuipapasa huku amefumba macho. Alikuwapo mpishi wa makande, kwa kuwa watoto wenye njaa hawafundishiki. Na alikuwapo mtu mmoja kiwete, mlinzi wa moto. Huyu hakupata kucheza hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kukoka moto wa majani makavu na kuzipasha ngoma ili ngozi zikaze. Alikaa na mgongo ameugeuzia uwanja, na katikati ya mchezo ulionoga angeinua mkono na kusema, “Ile ndogo imelala.” Ngoma ingesimama, ile ndogo ingeletwa motoni, na kweli ilikuwa imelala. Sisi tuliokuwa na miguu miwili mizima hatukuwa tumesikia kitu.

Walikuwa wakitufundisha selo, ngoma ya Wazigua, na nyinginezo. Mjomba hakuwa mtu wa maelezo. Kwanza alitutuma maji, tuyabebe kichwani bila kata, mpaka shingo ijue kutulia wakati miguu ina haraka. Kisha alitufundisha kuitamka ngoma kwa mdomo kabla hatujaruhusiwa kuigusa kwa mkono. Mwisho ndipo alipoujia mguu. Alichora mistari ya majivu juu ya vumbi, akachuchumaa, akakishika kisigino cha mtoto kwa kiganja na kukiweka mahali pake, kama mtu apandaye mbegu. Ukikosea hakukugombeza. Alikirudisha kisigino pale pale, mara kumi, mara ishirini, mpaka mguu wenyewe uone aibu.

Nilimwacha nilipopata vitabu. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, na nilikuwa nimemaliza shule bila kuchaguliwa kuendelea. Nikaapa kujisomesha. Kitu cha kwanza nilichokipata, kwa kubadilishana na kuku wawili, ni kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Nikakisoma usiku kwa kibatari. Nilipofika penye habari za mizani, ya kwamba mshororo una kipande na kipande, na kila kipande kina hesabu yake isiyozidi wala kupungua, nilifurahi kama mtu aliyevumbua nchi. Nilianza kuhesabu kwa vidole, nikachanganyikiwa. Basi nikasimama, nikahesabu kwa miguu. Hesabu ikakaa.

Ningekuwa na akili ningekwenda asubuhi ile ile kwa mjomba nikamshukuru. Sikwenda. Nilijiambia kwamba ushairi ni kitu cha watu wa pwani na cha wino, na kwamba kule chini ya mwembe ni vumbi na jasho. Na hapa sina budi kukiri: aibu hiyo ndiyo iliyoandika “mkulima”. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, lakini aibu ilikuwa imetangulia kufika kwenye karatasi.

Mwaka 2004 nilikwenda Bagamoyo kuliona tamasha la Chuo cha Sanaa. Historia ya chuo kile niliifahamu kwa kusoma tu. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais, alilalamika kwamba tulifundishwa kucheza dansi za wageni na tukaona haya kucheza zetu, akaunda wizara ya utamaduni. Mwaka 1963 kikaanzishwa kikundi cha taifa cha ngoma, na wachezaji wakatafutwa mikoani. Mwaka 1981 chuo kikafunguliwa Bagamoyo, na baadhi ya wale waliokuwa katika kikundi wakawa walimu wake. Mwaka 2007 chuo kikageuzwa kuwa taasisi, ile inayojulikana kwa jina la TaSUBa.

Nilipofika, ukumbi mkubwa wa makuti ulikuwa umeungua miaka miwili nyuma, na Hukwe Zawose alikuwa hajatimiza mwaka kaburini, kwani alifariki Desemba 2003. Zawose, Mgogo, bingwa wa zeze na ilimba, hakuupata ufundi wake chuoni. Alikuja nao chuoni, kutoka kwao. Kumbe Serikali ilikuwa imefanya nilichoshindwa kufanya mimi: ilikuwa imewaangalia watu wa aina ya mjomba, ikaandika “mwalimu”.

Lakini sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba nilifurahi papo hapo. Niliangalia ngoma za makabila zikipita jukwaani, na nikaudhika. Ngoma ambayo kwetu hukesha ilikwisha kabla sijakaa sawa. Duara lilikuwa limepasuliwa, likawa safu inayowatazama watazamaji, ilhali kwetu hakuna mtazamaji, kuna asiyechoka na aliyepumzika. Baada ya onyesho nikamfuata mzee mmoja wa pale, mwalimu wa ngoma, nikamweleza uchungu wangu kwa adabu. Akaniuliza shughuli yangu. Nikamwambia natunga na kutafsiri mashairi.

“Basi nijibu wewe,” akasema. “Ukilihamisha shairi kutoka lugha hii kwenda ile, hufika zima?”

“Halifiki zima, mzee.”

“Na mbona huachi?”

Sikuwa na jibu. Akaniaga, akaenda nyuma ya jukwaa alikokuwa msichana mmoja aliyekosea hatua. Nikamwona akichuchumaa. Alikishika kisigino cha msichana yule kwa kiganja, akakirudisha mahali pake.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mjomba habari ya kiganja kile. Alicheka mpaka akakohoa. “Basi wapo,” akasema. Kwa mara ya kwanza nilimwona akifurahi kwamba hayuko peke yake.

Na kweli walikuwapo wengine, tena karibu mno. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani Somalia. Simulizi zetu husema ilikuwa miaka ya njaa, wakahadaiwa pwani kwa ahadi ya chakula na kazi, wakapandishwa majahazi. Baadhi yao walitoroka mashambani wakakimbilia misitu ya Mto Juba, na simulizi zao humtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha kuwa ndiye aliyewaongoza. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, wajukuu wa wajukuu wao walikimbilia Tanzania. Wakapewa hifadhi Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, wilayani humo humo. Waliingia nchini wakisema Kizigua. Takriban miaka 150 na zaidi, bila shule wala kitabu kilichowahifadhia, lugha ilikuwa ingali mdomoni.

Mjomba alitaka awaone. Nikampeleka Chogo mwaka 2005, tukiwa na ngoma yake imefungwa kwenye kanga. Kwanza walizungumza. Alisikiliza maneno yao kama mtu anayemsikia marehemu bibi yake akizungumza chumba cha pili. Kisha akapiga. Ningependa kuandika hapa kwamba wote waliinuka wakacheza selo, lakini haikuwa hivyo. Nyimbo zao zilikuwa nyingine, na mipigo yao ilikuwa imepita njia nyingine. Mama mmoja mtu mzima alimwomba arudie, polepole. Akarudia. Akamwomba tena. Mara ya tatu mama yule alisimama, akautafuta mpigo kwa unyayo, akaukosa, akautafuta. Mjomba aliiweka ngoma chini, akachuchumaa, kisha akakumbuka kwamba huyu ni mama wa watu, si mtoto. Hakumgusa. Alichora mstari juu ya vumbi kwa kidole. Mama akaukanyaga.

Nyinyi wa visiwani mnayajua haya kuliko mimi. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013, magazeti ya dunia yalimwandika kuwa mwimbaji, na tuzo ya WOMEX aliyotunukiwa mwaka 2005 ilitajwa. Yote yalikuwa haki yake. Lakini wanawake wa Unguja walimjua pia kwa kazi nyingine: kungwi wa unyago, aliyewafundisha wari kwa ngoma na kwa viuno mambo yasiyosemeka darasani. Sauti yake twaweza kuisikia leo katika santuri. Wale wari ndio santuri ya ile kazi nyingine, na hawachezwi kwa kubonyeza kitufe.

Tulipokuwa watoto, ngoma za Morris Nyunyusa, yule mzee asiyeona, ndizo zilizotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Mjomba alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha. Alisimamisha jembe, akazisikiliza ngoma zile mpaka mwisho, na msomaji alipoanza habari akaizima redio ili asimalize betri. Tulidhani hazijui faida za habari. Sasa naona kwamba alikuwa ameshaisikia habari aliyoitaka: palikuwa na mtu Dar es Salaam, mpigaji wa ngoma kama yeye, na nchi nzima inamngojea ndipo ianze kusema.

Mjomba alifariki mwaka 2009, wakati wa kuvuna. Mlinzi wa moto alikuwa ametangulia, na malenga alimfuata. Mwembe upo, uwanja umeota nyasi. Wako vijana wawili watatu waliofundishwa naye ambao huitwa penye sherehe, wakacheza nusu saa, wakalipwa, wakaondoka. Siwalaumu. Nusu saa ni kubwa kuliko mimi, niliyepewa miaka saba nikaitupa.

Usiku wa Agosti 23, 2022 ulikuwa wa sensa nyingine. Siku chache baadaye alikuja kwangu binti mmoja mwenye adabu, ana kishikwambi badala ya kalamu. Aliniamkia, akaketi, akauliza yote kwa utaratibu. Alipofika penye kazi alinyanyua macho, akangoja. Kule kungoja kwake kulinichoma. Ndiko mjomba alikokutaka kwangu, ukimya mdogo wa kuulizwa. Nilimjibu kwamba nalima, na kwamba natunga mashairi. Akauliza, “Ushairi huo ulisomea wapi, baba?” Sidhani kama swali lile lilikuwa katika dodoso. Nikamwonyesha mwembe kwa kidole. Akautazama, akatabasamu, akaendelea na swali lililofuata.

Dodoso la 2002 siwezi kulirudia. Limekwisha kuhesabiwa, na mjomba yumo humo miongoni mwa wakulima wa Handeni, daima. Lakini mtu aliyejifunza mizani kwa miguu ya mtu mwingine hadaiwi kidogo, na njia ya kulipa ninayoijua ni moja:

Mwalimu wangu wa ngoma, kalamuyo ni unyayo,
Vumbini niliyasoma, yakakaa mwangu moyo,
Karatasi ikikoma, haukomi wako wayo,
Leo hii ninasema: mwalimu, ndiyo kaziyo.