Saa Kumi na Moja Jioni

Ndugu msomaji, chukua kalamu tupige hesabu kidogo. Zaburi ya 90, ile inayoitwa sala ya Musa, inampa binadamu miaka 70, na akiwa na nguvu, 80. Tuchukue hiyo 70. Zidisha kwa siku 365, unapata siku 25,550. Mimi nina miaka 24, kwa hiyo siku 8,760 zimeshakwenda na hazirudi. Zimebaki 16,790. Toa theluthi moja ya kulala, zinabaki kama 11,200 hivi. Na hapo hatujaweka malaria, hatujaweka ajali, hatujaweka lolote. Maisha tunayoyaona marefu kama reli ya kati, kumbe yanaenea kwenye mistari minne ya kaunta buku!

Lakini angalia jambo moja katika zaburi ile. Musa haombi aongezewe siku. Anaomba afundishwe kuzihesabu.

Sasa jamani, siku zetu tunazipeleka wapi? Sisi vijana wa mjini jibu tunalo: kijiweni. Asubuhi tunachambua mpira wa jana. Mchana drafti. Alasiri tunapanga mkeka wa kubeti, na usiku tunajadili kwa nini mkeka umechanika. Kesho yake tunaanza upya kama vile jana haikuwepo. Sisemi kijiwe ni dhambi. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili kinachoongeleka, maana mwandishi asiyepita kijiweni wahusika wake huzungumza kama taarifa ya habari. Ninachosema ni kwamba kijiwe hakina saa ya kufunga. Usiposimama mwenyewe, hakuna atakayekusimamisha.

Hata hivyo, kuna mahubiri ya uvivu ambayo mimi yananiuma. Mtu anashika maikrofoni mbele ya vijana 200, wengi wamemaliza shule na vyeti vyao vimelala chini ya godoro, anawafokea kwamba asiyefanya kazi asile. Nusu yao siku hiyo hawajala kweli. Tusome vizuri, wapendwa. Paulo alikuwa fundi wa mahema, Matendo 18 inasema hivyo, na kazi aliijua kwa vidole vyake. Lakini katika barua ya pili kwa Wathesalonike, sura ya 3, anayemsema ni yule asiyetaka kufanya kazi. Asiyepata kazi hakumgusa. Hao ni watu wawili tofauti, hata kama wamekaa benchi moja.

Aliyewagusa hao ni Yesu mwenyewe, katika Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Hapa sisi Waswahili tuna bahati. Mwingine inabidi aelezwe hiyo saa kumi na moja ni saa ngapi, lakini saa za Biblia ni saa zetu. Jua linapungua, mama lishe anaosha sufuria zake, daladala zimeanza kujaa watu wanaorudi makwao. Imebaki saa moja tu kufika jioni. Anawakuta watu wamesimama, anawauliza mbona wameshinda bure kutwa nzima. Wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Jibu fupi, na ni la kweli. Yule bwana hakuwatukana. Hakuwaambia wangejiongeza. Aliwapa kazi, wakaifanya kwa ile saa moja iliyobaki, wakalipwa sawa na walioanza alfajiri.

Watu wengi tukisoma hapo tunashangilia malipo. Mimi nashangaa kwamba walikuwepo. Saa kumi na moja jioni bado walikuwa wamesimama pale kazi inapotafutwa. Mikono yao ilikuwa mitupu, lakini haikuwa imekunjwa.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaninyima usingizi. Mwaka jana tulimzika mshikaji wetu mmoja wa mtaani. Miaka 26, ajali ya bodaboda. Mvivu hakuwa, wallahi. Alikuwa deiwaka kwenye daladala, saa kumi alfajiri yuko barabarani. Ila alikuwa na hadithi. Jioni akirudi tunamzunguka, anatusimulia habari za mama mmoja muuza samaki wa Feri ambaye mumewe alipotea na jahazi, na kwa miaka saba mama yule akawa anamtengea sahani yake kila usiku. Alivyokuwa akiisimulia, hata wacheza drafti waliacha kete. Tukimwambia aiandike, jibu lake lilikuwa lile lile: nikipata laptop, nikipata chumba changu, mambo yakikaa sawa.

Siku ya tatu baada ya mazishi mama yake aliniita uani. Akaniambia, “Mwanangu, wewe si ndiye mnayependana naye mambo ya vitabu? Ile hadithi aliyokuwa akiwasimulia naomba uniletee, niiweke.” Nikamwambia, “Mama, haikuandikwa.” Akaniuliza, “Hata kidogo?” Nikamwambia hata kidogo, mama. Akatikisa kichwa, akarudi kwa wageni.

Tangu hapo nikisoma Mathayo 25, yule mtumishi wa tatu aliyefukia talanta ardhini, sioni tena mtu mbaya. Hakuiba. Hakulewa. Aliirudisha talanta nzima, haijapungua hata kidogo. Na sababu alikuwa nayo: aliogopa. Ajizi nyumba ya njaa, wahenga walisema, lakini ajizi inayotumaliza sisi haivai nguo za mlevi. Inavaa nguo za mtu mwenye sababu nzuri. Unaweza kutoka jasho tangu alfajiri mpaka usiku kwa kazi ya mwenye gari, na ile kazi moja uliyopewa wewe peke yako ikabaki chini ya udongo.

Shaaban Robert hakuwa Mkristo, alikuwa Mwislamu, lakini hapa anatufundisha sote. Alizaliwa 1909, akafariki 1962. Miaka 53 tu, hakuifikia hata ile 70 ya Musa. Miaka mingi ya utu uzima wake alikuwa karani serikalini. Hakungoja astaafu. Ndiyo maana miaka sita baada ya kuzikwa kwake, mwaka 1968, watu waliweza kuchapa riwaya zake mbili, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote. Karatasi zilikuwepo.

Basi mimi, kijana wa kidato cha nne nisiye na ajira ya kueleweka, nimejiwekea sheria ndogo. Ukurasa mmoja wa daftari kwa siku, siku sita kwa wiki. Jumapili napumzika, kwa sababu Mungu aliamuru pumziko na hakuliita uvivu. Kwa mwaka ni kurasa 312. Riwaya hiyo! Mbaya au nzuri, hiyo ni kazi ya kesho, mbaya hurekebishwa. Ambayo haikuandikwa hairekebishiki na mtu yeyote, hata mama aliyekuzaa.

Ndugu mwandishi mwenzangu, kama ukurasa wako wa leo bado, usifungue ukurasa unaofuata wa jarida hili. Liweke pembeni. Wenzako waliobaki humu utawasoma kesho, Bwana akipenda.