Meta Hamsini za Mwisho: Toka Sake Hadi Walikale

Msafiri aondokaye Goma kwenda Masisi hufika kwanza Sake, karibu na ziwa Kivu. Katika miaka ya 1938 hadi 1940 mlima Nyamulagira ulitapika moto, na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukateremka hata ukaingia ziwani karibu na hapo. Mtu wa Sake hana haja ya kutafuta jiwe la kujengea, yatosha kuinama. Lakini barabara yapanda kwa mizunguko kuelekea Mushaki, na mawe meusi yabaki nyuma. Vilima vya Masisi vimevikwa majani mabichi, na ng'ombe husimama hata penye mteremko ambao mtu angeogopa kuupanda. Huko ndiko yatokako maharage, viazi na jibini viliwavyo Goma. Kwa macho ni nchi nzuri mno. Chini ya gurudumu ni udongo mzito ugeukao sabuni mara mvua inyeshapo.

Ajabu ni hii: lori, au kamio kama tusemavyo kwetu, mara nyingi hushinda vilima vyote, kisha hunasa katika meta 50 za mwisho, kati ya barabara na ghala ya misioni au zahanati. Kwa barabara kuu twaweza kuilaumu serikali. Meta hizo 50 ni zetu wenyewe. Lori likinasa hapo, magunia hubebwa mgongoni, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hupitishwa topeni juu ya machela.

Wengi hudhani nguvu ya njia ni lile jiwe la juu. Sivyo. Jiwe hupokea uzito na kuukabidhi kwa kilicho chini yake, na chini pakiwa tope, litazama tu. Adui ni maji. Kwa hiyo udongo wa juu wenye mizizi hauna budi kuondolewa wote. Katika udongo wa Masisi shimo liwe na kina cha sentimeta 50 hivi. Mwenye haraka atachimba 20, naye atachimba tena mwaka ujao. Mifereji ipite pande zote mbili, chini kuliko msingi, na ule wa upande wa mlima uwe mpana zaidi. Kisha mawe makubwa yapangwe kwa mkono, yakisimama, upande mpana chini na ncha juu, yakibanana. Mskoti Thomas Telford alijenga hivyo misingi ya barabara zake yapata miaka 200 iliyopita. Mianya ijazwe kokoto na kushindiliwa kwa gogo zito, tabaka kwa tabaka. Juu yake mchanga wa sentimeta 4 hivi, ndipo mawe yaliyochongwa. Kandokando yazikwe mawe marefu ya kuzuia, la sivyo magurudumu yatayasukuma mengine nje. Katikati pawe juu kuliko pembeni, sentimeta 3 kwa kila meta.

Jiwe la Sake nalo lichaguliwe. Lile jepesi, lenye matundu kama mkate, hupondeka. Lile zito, lililialo kama kengele chini ya nyundo, ndilo.

Ukipita Masisi na Nyabiondo, ukishuka kuelekea Walikale, malisho yaisha na msitu waanza. Joto laongezeka, na jiwe la volkano halipatikani tena. Mawe ya mtoni ni laini na mviringo kama mayai, huteleza moja juu ya jingine. Hayana budi kupasuliwa kwanza, ndipo yashikane. Kazi hiyo mara nyingi huwaangukia akina mama na watoto. Parokia ijengayo iwalipe akina mama haki yao, na watoto iwaache shuleni.

Huko Walikale kuna jambo la kufikirisha. Penye Kilambo, kipande cha lami cha barabara kuu kilikuwa imara hata ndege za mizigo zikatua juu yake. Wapagazi walibeba madini ya bati kutoka Bisie, zaidi ya kilometa 40 msituni, kila mmoja na kilo 50 hivi mgongoni, na pale barabarani bati ikapanda ndege kwenda Goma. Mhogo wa Walikale haukupanda ndege. Mwaka 2019, mgodi wa mashine ulipoanza kutoa bati Bisie, ilikuwa imebidi kwanza kukata barabara msituni.

Zamani makantonye walizibua mifereji ya barabara kijiji kwa kijiji. Lakini Januari 2025, vita vilipofika Masisi, kisha Sake na Goma, watu walikimbia kwa maelfu, na kijiji kilichokimbia hakina wa kushika jembe. Penye watu, basi, kila Jumamosi wawili watoe majani mferejini. Na katika masika ya kwanza, kabla mawe hayajatulia, mti mmoja ulazwe langoni kila mvua inyeshapo, nao usiondolewe mpaka saa chache zimepita baada ya mvua kukatika. Dereva atanung'unika. Apewe chai.