Wanaokuja Kutushirikisha

Siku hizi vikundi vya ngoma na asasi zetu huletewa washauri wa ushirikishwaji. Huuliza: wanawake wangapi wamo katika kamati, wenye ulemavu wangapi, kabila gani limeachwa? Ni maswali ya haki. Askofu Vincent Lucas, aliyewekwa Masasi mwaka 1926, alilipa jando nafasi kanisani, lakini alifanya hivyo pamoja na mapadre Waafrika waliolijua.

Sasa, ndugu msomaji, kikao kimoja nilichohudhuria Newala kiliitishwa saa mbili asubuhi. Uwanda wetu hauna mito. Saa hiyo kina mama walikuwa wakipanda kutoka bondeni na ndoo za maji. Mshauri akaandika kwamba wanawake hawana mwamko. Mama mmoja mfinyanzi alifika saa sita, akaambiwa fomu zimekwisha.