Kivuli Kisichokuwapo

Twataka kuwasimulia kosa letu, maana huenda walimu wengine wanalo pia.

Kwa miaka mingi tuliwafundisha watoto shuleni kwamba mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha dunia huufunika. Hakuna aliyetupinga, nasi tukadhani ni kweli. Hata jioni moja binti yetu wa miaka kumi, aliyekuwa akitwanga uani na mama yake, akatuita. Mwezi nusu ulikuwa utosini, na jua lilikuwa halijatua. Akasema, "Baba, jua liko kule magharibi, na kivuli cha mwembe chaanguka mashariki. Je, kivuli cha dunia kimefikaje juu?" Tukamkemea asibishane na wakubwa. Akainama, akashika mchi wake. Lakini usiku ule usingizi ulitupotea.

Tangu hapo tukautazama mwezi kila siku na kuuchora daftarini, tangu mwandamo hata mwandamo, siku 29 na nusu. Tuliona kwamba huchelewa kuchomoza kwa kadiri ya dakika 50 kila siku, na ya kuwa upande wake wenye nuru sikuzote huelekea jua. Kisha tukawasha taa chumbani, tukashika chungwa kwa mkono ulionyoshwa, tukageuka polepole. Chungwa likawa hilali, likawa nusu. Tulipoipa taa kisogo na kuliinua kidogo, likang'aa lote. Tulipolishusha tu, kivuli cha kichwa chetu kikalifunika. Kumbe huko ndiko kupatwa kwa mwezi! Wala si kila mwezi mpevu hupatwa, kwa kuwa njia ya mwezi imeinama kadiri ya nyuzi 5, nao hupita juu au chini ya kivuli cha dunia. Bali giza la siku zote ni usiku wa mwezi wenyewe.

Baadaye rafiki alituazima darubini ndogo. Tukangoja mwezi mpevu, tukaona weupe mtupu. Lakini ulipokuwa nusu, mpakani mwa nuru na giza tuliona mashimo na milima yenye vivuli virefu, kama vile Galileo alivyoiona katika Italia mwaka 1609. Penye jua la utosini vivuli hutoweka. Penye mapambazuko kila kilima hujulikana.

Basi tukasimama darasani, binti yetu akiwapo, tukasema, "Tuliwafundisha vibaya, na huyu ndiye aliyetuonya." Tulikuwa tukiogopa kuchekwa. Watoto hawakucheka, waliomba chungwa, kila mmoja ajaribu mwenyewe.

Walimu wenzetu, jioni ya mwezi nusu tokeni nje na watoto wenu, mtazame jua na mwezi pamoja. Na mtoto akiwauliza neno msilolijua, msimkemee kama sisi.