Baharia au Abiria?

Msomaji mpenzi, kama nyumbani kwako yuko kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye mguu wake umezoeana na mpira, hebu keti kidogo tuzungumze. Haya yaliyotufika sisi huenda yakabisha hodi mlangoni kwako kesho, na si vyema yakukute hujajiandaa.

Siku hiyo nilikuwa nyumbani kwangu Mombasa, nimetoka kazini nimechoka, dada yangu mkubwa akanipigia simu kutoka Amu. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Mdogo wangu, mwanao amepata! Chuo cha Marekani kinamtaka akacheze mpira na kusoma. Barua ninayo mkononi."

Mwanao huyo ni mpwa wangu, kijana wa miaka 19, golikipa wa timu ya mtaa. Akiupiga mpira kutoka langoni mwake, aghalabu huangukia karibu na lango la wenziwe. Mgeni mmoja aliyekuja kupumzika Shela alimpiga picha za video ufuoni, akampelekea rafiki yake ambaye ni kocha katika chuo kidogo kule kwao. Kocha huyo hakutaka golikipa. Alitaka mpigaji mateke wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, ambao wachezaji wake huvaa kofia ngumu na kukumbana kama mafahali.

Nilifurahi, nisikufiche. Katika familia yetu hakuna aliyewahi kusafiri mbali kuliko Jidda, na huko alikwenda kuhiji. Lakini maneno yaliyofuata yalinikata maini. "Tumekubaliana kuiuza mashua," dada alisema.

Ungeijua mashua hiyo usingeuliza kwa nini nilinyamaza. Ni mashua ya marehemu baba. Imebeba boriti, imebeba mawe ya Manda na mchanga, imevua, na karo yangu ya chuo cha uandishi wa habari ilitoka ngamani mwake. Hadi leo nahodha wake ni mjomba, ndugu yake mama, na nyumba tatu hula kwa tanga hilo.

Jumamosi alfajiri nilipanda basi. Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, kisha boti ya kuvukia kisiwani. Jioni haijaingia nilikuwa barazani kwa dada, barua mapajani, kikombe cha kahawa mkononi.

Ilikuwa barua nzuri. Ilikuwa na nembo ya rangi mbili na ilimwita mpwa wangu kwa jina lake mara sita. Ilisema amechaguliwa, kwamba nafasi yake kikosini inamsubiri, na kwamba chuo kitampa msaada wa dola 30,000 kila mwaka. Dada alisoma hapo akaishia hapo, wala simlaumu. Macho ya mzazi yakishaona kiasi kama hicho huganda. Lakini kazi ya gazeti imenifunza kuuanza waraka kwa ukurasa wa mwisho, na ukurasa wa mwisho ulisema kuwa gharama zote kwa mwaka ni dola 52,000.

Toa 30,000 katika 52,000. Zinabaki dola 22,000 ambazo mzazi ndiye wa kulipa. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 2.8 kila mwaka, na kwa miaka minne ni zaidi ya milioni 11. Mashua ya baba, pamoja na matanga na nanga yake, isingemfikisha kijana hata katikati ya mwaka wa kwanza.

Baada ya sala ya Alasiri mjomba alikuja. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi. "Nisomee hiyo barua kwa Kiswahili," alisema. Nilimsomea yote, na hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: "Chombo chao huchukua watu wangapi?"

Sikuwa na jibu. Nilitoa simu nikatafuta orodha ya wachezaji wa chuo hicho, ambayo wenyewe wameitangaza wazi, nikaanza kuhesabu majina. Yalikuwa 128.

"Na wanaoingia uwanjani?"

"Kumi na mmoja kwa wakati mmoja, mjomba. Lakini wana kikosi cha kushambulia, kingine cha kulinda, na kingine cha mateke. Pamoja na wa akiba, tuseme 50 au 60. Timu inapokwenda kucheza ugenini, wengi huachwa chuoni."

"Na hao wanaoachwa, wao pia hulipa?"

"Hulipa, mjomba."

Alitazama baharini kitambo. "Basi hao si mabaharia, wanangu. Hao ni abiria. Baharia hupewa fungu lake chombo kinaporudi. Abiria hutoa nauli kabla nanga haijang'olewa."

Msomaji wangu, usiku ule sikulala vizuri. Nilikesha nikisoma namna mambo haya yanavyoendeshwa, nami nakupa kwa ufupi nilichokipata.

Michezo ya vyuo vingi vya Marekani husimamiwa na chama kiitwacho NCAA, na vyuo vimegawanywa katika madaraja matatu. Daraja la Kwanza ni la vyuo vikubwa, vile ambavyo mechi zake huonyeshwa kwenye televisheni. Kwa miaka mingi timu kubwa za futiboli huko ziliruhusiwa kuwafadhili wachezaji wasiozidi 85. Juni 2025 mahakama huko California iliidhinisha mapatano yaliyobadilisha utaratibu huo. Tangu msimu wa 2025, vyuo vilivyojiunga na mapatano hayo vinaweza kumfadhili mchezaji yeyote, lakini kikosi chote kisipite watu 105.

Daraja la Pili linaruhusu ufadhili unaolingana na gharama kamili za wanafunzi 36, na makocha huukatakata vipande ili wengi wapate kidogo kidogo. Kiko chama kingine cha vyuo vidogo, NAIA, ambacho kiwango chake ni 24. Ama Daraja la Tatu, ambalo ndilo la chuo kilichomwandikia mpwa wangu, kanuni yake ni fupi: hakuna ufadhili wa michezo kabisa. Msaada wowote anaopewa mwanafunzi ni kwa ajili ya masomo yake au uhaba wa mali ya wazazi wake. Na kile kikomo cha watu 105 hakikuwekewa daraja hilo.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Kocha hatoi ufadhili kwa ajili ya mchezo, na wala hazuiwi kuandikisha watu wengi. Vyuo vidogo vya watu binafsi huko Marekani huishi kwa karo, na katika miaka ya karibuni kadhaa vimefungwa kwa kukosa wanafunzi. Timu ya futiboli huvuta vijana mia na zaidi kwa mpigo mmoja. Ukizidisha dola 22,000 kwa vijana 128, unapata zaidi ya dola milioni 2.8 kwa mwaka. Ndiyo maana chuo kidogo kinaweza kuwa na timu yenye watu wengi kuliko ile ya chuo kikubwa.

Usinifahamu vibaya. Sisemi kuwa huo ni wizi. Abiria naye hufika aendako, na shahada ya chuo kidogo kizuri ni shahada ya kweli. Tena Wakenya wetu wengi wamenufaika na miguu yao katika vyuo vya Marekani. Julius Sang na Robert Ouko walisoma North Carolina Central, wakawa katika timu iliyoshinda dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 huko huko Munich, alisoma Eastern New Mexico, chuo kilicho katika mji mdogo wa Portales. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Na katika futiboli yenyewe, Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Marekani. Lakini wanariadha wale walitafutwa kwa kasi yao na vyuo vikabeba gharama. Hao walikuwa mabaharia.

Asubuhi niliteremka gatini nikamkuta mjomba akitazama kamba za mashua. Nikakumbuka jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likiniuma.

Nilikuwa na miaka 16. Mbio za mashua zilikuwa zimekaribia, na mji wote ulizungumza habari hizo tu. Mbio hizo, kama hujawahi kuziona, si mchezo wa kupakia watu ovyo. Chombo kikiwa na watu wengi huzama chini na kuwa kizito. Wakiwa wachache, hakuna wa kutosha kukaa kwenye ule ubao unaotokeza nje upande wa joshini ili upepo usikipindue. Kila mmoja ana kazi yake: wa usukani, wa tanga, wa kufua maji, wa kwenye ubao. Mjomba alihitaji watu 8, nasi tuliokuwa tukifanya mazoezi naye tulikuwa 11.

Usiku wa kuamkia mbio alituita sote. Akataja 8, kisha akanigeukia mbele ya wenzangu. "Wewe mwanangu hutoingia. Chombo kikibisha unachelewa kuhama upande. Nenda kasome, kichwa chako ni chepesi kuliko miguu yako." Nililia usiku kucha. Kesho yake nilisimama ukutani na wanawake na watoto, nikaitazama mashua ya baba yangu ikipita bila mimi.

Kwa miaka mingi niliyaita yale ukatili. Asubuhi ile gatini ndipo nilipotambua kuwa mjomba alinifanyia hisani. Kwa kuwa chombo chake kilikuwa na kikomo, alilazimika kuniambia ukweli mapema, kabla sijapoteza kitu. Asiye na kikomo hana haja ya kumwambia mtu hapana. Humwacha aingie, atoe nauli, agundue mwenyewe katikati ya bahari.

Nilimwita mpwa wangu tukaandika waraka kwa yule kocha, kwa adabu na bila kuzunguka. Una wapigaji mateke wangapi? Husafiri nao wangapi? Ukiandikisha wapya msimu huu, ni wangapi wanaobaki hadi mwaka wa nne? Akiumia au akiacha mchezo, ule msaada wa masomo unabaki?

Nataka nimpe kocha haki yake, kwani alijibu siku ya pili na hakuficha. Wapigaji mateke ni 5, wanaosafiri ni 2. Baadhi ya vijana huacha timu baada ya mwaka wa kwanza. Msaada unabaki hata asipocheza, mradi alama zake za masomo ziwe nzuri. Mwisho aliandika kuwa mzazi asikope wala kuuza mali kwa ajili ya mpira, ila aangalie kama chuo chenyewe kinamfaa mwanawe.

Nilimsomea dada. Aliinuka akaingia jikoni. Aliporudi aliniambia neno ambalo bado liko moyoni mwangu: "Wewe ulisomeshwa na mashua hii. Wangu ikifika zamu yake, unatafuta hesabu."

Nilikosa la kusema, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Aliyetujibia ni kijana mwenyewe. "Mama, mashua ilimsomesha mjomba bila kuuzwa," alisema. "Mimi siendi kukaa benchi huku babu hana chombo."

Mpwa wangu sasa yuko mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa hapa pwani, na mashua bado inalipa. Anadaka mpira wikendi. Dada hunipikia nikienda, lakini iko siku humwona akiitazama ile barua, ambayo ameihifadhi pamoja na vyeti vya nyumba, na najua kuna swali analojiuliza. Nami hujiuliza lilo hilo. Huenda angekuwa mmoja wa wale wawili wanaosafiri. Hilo hatutalijua kamwe.

Basi, mzazi mwenzangu, na wewe mwanafunzi unayesoma haya, barua ya namna hii ikikufikia usiichane, na usiuze kitu. Kuuliza si ujinga. Uliza kikosi kina watu wangapi na wangapi hucheza nafasi yako. Uliza gharama zote, si msaada peke yake, na ukumbuke kuwa kabla ya kupewa viza ya masomo utatakiwa kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza, na kwamba mwanafunzi mgeni huruhusiwa kufanya kazi chuoni saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Kisha jiulize: mpira ukiondolewa leo, bado ningekitaka chuo hiki kwa bei hii? Ukijibu ndiyo, na fedha zipo, nenda kwa baraka zote. Kuwa abiria si aibu, mradi umejua mapema kuwa u abiria, na umekubali nauli.