Uvira: Ndege wageni kwenye ufuo wa Kavimvira

Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda likaingia katika nyumba za Kavimvira, kaskazini mwa mji wa Uvira, Kivu Kusini. Mama mmoja aliyehama wakati huo hurudi ufuoni kila asubuhi kungoja mitumbwi ya ndagala. Wakingoja, yeye na mtoto wake huangalia ndege: yangeyange weupe, mnandi wanaoanika mabawa, na kitwitwi, yule mdogo anayetingisha mkia mchangani.

Kitwitwi ni mgeni. Huzaliwa Ulaya na Asia, hufika huku kuanzia mwezi wa nane akikimbia baridi, na karibu mwezi wa nne hurudi kwao. Hula wadudu wa matopeni. Katika matete ya mto Rusizi, unapoingia ziwani, ndege hupata makao, na samaki wadogo hujificha humo. Matete yakichomwa, mvuvi naye anapata hasara.

“Nao walifukuzwa na maji?” mtoto aliuliza.

“Hapana, ni baridi. Ikiisha wanarudi.”

“Na sisi, mwezi gani?”

Mama alimwambia asiwarushie mawe, akaenda kupokea ndagala.