Mlinzi Asiyepiga Hodi



Khabari nitakayokusimulia imetokea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na mkosaji wa kwanza ndani yake ni mimi. Nimeiandika kwa sababu najua kuwa nyumba nyingi za mwambao wetu leo zina kompyuta moja itumiwayo na wote: ya baba yamo, ya mama yamo, na ya watoto yamo, na hapana aulizaye ni nani mwengine aliyeingia humo.

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana hapa Ngamiani, Tanga. Chama hiki hakiziki tu. Kila mwezi hutoa kidogo tulicho nacho kwa nyumba zilizofikwa na dhiki. Majina ya nyumba hizo hayasomwi mbele ya watu. Wamo wajane, wamo wagonjwa, na wamo watu ambao ukiwakuta njiani na kanzu zao nyeupe huwezi kudhani kuwa jana walilala na njaa. Mmoja wao ni jirani yangu, tunaamkiana kila alfajiri. Orodha hiyo tunaijua watu watatu tu. Zamani niliiandika katika daftari na kulifungia sandukuni. Baadaye nikaihamishia katika kompyuta ya nyumbani, maana hesabu huwa nyepesi humo.

Kompyuta hiyo hiyo ndiyo anayochezea mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 16. Akishamaliza masomo yake na kuswali Isha, hucheza mchezo wa mapigano pamoja na vijana wa nchi nyingine kwa njia ya intaneti. Sikumkataza. Niliona ni kheri awe ukumbini mbele ya macho yangu kuliko kuzurura usiku.

Basi katika mwezi wa Shaaban, nilipokuwa nikitengeneza hesabu za futari, kompyuta ilizimika ghafla na kioo kikawa cha buluu. Nikaiwasha, ikakawia mno kuamka. Usiku wa pili ikafanya vilevile, na hesabu za saa mbili zikapotea. Nikaichukua mpaka kwa fundi, kijana niliyemsomesha Juzuu Amma zamani.

Fundi akaichungua, kisha akaniuliza, "Shikamoo tena, Maalim. Huyu mlinzi umemweka wewe?"

"Marahaba. Mlinzi gani?"

"Mlinzi wa mchezo. Anaamka pamoja na kompyuta yenyewe, hata siku ambayo hapana anayecheza."

Nikamwomba anieleze kwa lugha ya mzee. Akasema: "Maalim, nyumba yako ina baraza, ina ukumbi, na ina chumba cha ndani. Mpita njia humkaribisha barazani. Jamaa humkaribisha ukumbini. Chumba cha ndani, penye kitanda na sanduku la hati, haingii mtu ila wewe na mkeo. Na kompyuta ni vivyo hivyo. Programu za kawaida hukaa ukumbini, na zikitaka kitu cha ndani lazima zimwombe mwenyeji. Chumba cha ndani ndicho kiini cha mfumo. Hapo ndipo panapoamriwa nani atumie kumbukumbu, nani aandike katika diski, nani apokee kila herufi inayobonyezwa. Mlinzi huyu hakukaa barazani wala ukumbini. Amekaa chumba cha ndani."

"Kwa nini afikishwe huko?"

"Kwa sababu wezi wa mchezo ndiko walikokwenda kujificha."

Akanieleza kuwa wako wachezaji wanaonunua programu za ghishi. Moja humlengea mtu shabaha bila ya yeye kulenga. Nyingine humwonyesha adui aliye nyuma ya ukuta. Walinzi wa mwanzo walikaa ukumbini, na wezi wakapata njia ya kuwapita kwa kushuka chini yao mpaka kwenye kiini. Ndipo makampuni nayo yakawateremsha walinzi wao huko huko. Kwa hivyo tusiseme kuwa mlinzi huyu amezaliwa na tamaa ya wenye makampuni peke yao. Amezaliwa na ghishi. Kijana anayedanganya katika mchezo hudhani kuwa anamdhulumu mpinzani mmoja tu, kumbe amewafungulia walinzi milango ya nyumba za watu ambao hata hawamjui.

Nilimuuliza fundi kama orodha yangu imesomwa. Akanijibu kwa uadilifu: "Sina dalili yoyote, wala sitaki kumsingizia mtu. Tena nikwambie kweli, programu yoyote unayoiruhusu, hata ya ukumbini, yaweza kuyasoma makaratasi yako. Tofauti ya huyu ni tatu. Yuko kwenye kiini chenyewe, basi si rahisi kumchungua. Akikosea hatua moja, haanguki peke yake, huanguka nyumba nzima. Na mwizi akipata ufunguo wake, amepata ufunguo wa vyote." Akaiondoa programu ile, na kompyuta ikatulia.

Sikuridhika na maneno ya mtu mmoja, ingawa ni mwanafunzi wangu, nikaanza kusoma. Nikakuta kuwa hizo tatu zimekwisha kutokea.

Mwaka 2013, huko Marekani, jumuiya ya mashindano ya michezo iitwayo ESEA iliingia katika aibu. Programu yake ya kuzuia udanganyifu ilikutwa ikizitumia kompyuta za wachezaji, bila ya wao kujua, kuchimbia sarafu za Bitcoin. Kompyuta zilizotumiwa hivyo zilikuwa kama 14,000. Wenyewe walisema ni kazi ya mtumishi wao mmoja aliyetenda bila ya idhini. Hata hivyo jimbo la New Jersey liliwashtaki, na mwaka huo huo wakakubali suluhu ya dola milioni 1. Mlinzi aliyewekwa kuzuia wizi ndiye aliyekuwa akiiba umeme wa watu.

Mwaka 2016 kampuni ya Capcom ya Japani iliongeza kinga ya namna hii katika mchezo wake wa Street Fighter V. Ikadhihirika kuwa kinga hiyo imeacha tundu ambalo programu yoyote yaweza kulipenya na kufika kwenye kiini, na kampuni ikaiondoa upesi. Mwaka 2022 wataalamu wa Trend Micro walieleza jambo la kushangaza zaidi: wahalifu waliichukua sehemu ya mlinzi wa mchezo wa Genshin Impact, wakaipeleka katika kompyuta ambazo mchezo wenyewe haukuwamo, wakaitumia kuwaua walinzi wengine, kisha wakayafunga mafaili ya watu ili wadai fedha.

Ama khabari ya nyumba nzima kuanguka, tuliiona sote tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, ambayo si ya michezo lakini nayo ina sehemu iliyokaa kwenye kiini, ilipokea marekebisho yenye kosa. Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka, ndege zikakwama na mahospitali yakataabika. Hapana aliyekusudia ubaya. Lilikuwa kosa tu, ila limefanyika chumba cha ndani.

Insafu yataka niseme na upande wa pili. Kampuni ya Riot ilipoutoa mchezo wa Valorant mwaka 2020, mlinzi wake aitwaye Vanguard alikuwa akiamka pamoja na kompyuta, na watu wakalalamika sana. Kampuni ikajibu, ikaahidi malipo ya hadi dola 100,000 kwa atakayegundua kasoro humo, na ikawapa wachezaji njia ya kumzima. Tena wako wachezaji wengi wema wanaomtaka mlinzi huyu, kwani wamechoka kudhulumiwa. Sisemi kuwa kila mlinzi ni jasusi. Nasema kuwa ufunguo wa chumba cha ndani hautolewi kwa dhana njema peke yake.

Sasa nirudi nyumbani kwangu. Nilimwita mwanangu baada ya Magharibi, na hasira zilikuwa zimenipanda.

"Mwanangu, nani aliyemruhusu mtu huyu kuingia?"

"Ni mimi, Baba. Iliuliza, nami nikabonyeza nakubali."

"Ulisoma ilichoandika?"

"La, Baba. Sikusoma."

Nikaanza kumkaripia kuwa ameuza siri za watu kwa mchezo. Akaniacha nikamaliza, kisha akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, Baba. Lakini hata simu yako nilikutengenezea mimi, na kila palipoandikwa nakubali uliniambia, bonyeza tu."

Wallahi sikuwa na jawabu. Mamake, aliyekuwa akipepeta mchele hapo uani, naye akanyamaza. Ni kweli kabisa. Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto kuwa ruhusa ni kitu cha kupita upesi. Mimi ndiye niliyeiweka amana ya chama mahali ambapo watu wote wa nyumba huchezea, bila ya kufuli wala neno la siri. Yeye alitoa ruhusa ambayo haikuwa yake, lakini aliyemwachia mlango ni mimi.

Usiku ule usingizi haukunijia. Nilifikiri juu ya adabu yetu ya hodi. Mtoto wa miaka mitano pwani hii anajua kuwa haingii nyumba ya mtu mpaka apige hodi, na akipiga mara tatu asijibiwe, hurudi. Tumefundishwa kuomba idhini, na tumekatazwa kupelelezana. Lakini hodi ina masharti. Anayejibu karibu awe na haki ya kukaribisha, na ajue anamkaribisha nani na mpaka wapi. Maandishi marefu ambayo hapana anayeyasoma, yakajibiwa na mtoto kwa niaba ya nyumba nzima, si hodi hiyo. Ni kupita mlangoni kwa jina la hodi.

Ijumaa, baada ya swala, niliwaita wenzangu wawili pembeni nikawaeleza yote. Mmoja akaniuliza, "Kuna jina lililotoka?"

"Sijaona dalili."

"Basi kwa nini watuambia?"

"Kwa sababu majina si yangu." Nikawaambia pia kuwa wakitaka mtu mwengine ashike kazi hii, niko tayari. Mkubwa wetu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaa ulipo. Lakini rudi kwenye daftari." Siku tatu nikaandika kwa mkono, na orodha ikafutwa katika kompyuta. Jirani yangu aliponiamkia asubuhi ya Jumamosi, nilimwitikia huku nikitazama chini.

Mwanangu naye alilipa. Cheo alichokipata katika mchezo ule kwa miezi mingi, bila ya kumghushi mtu, alikuwa amekiacha, na sikumsikia akinung'unika. Nikaona si haki aumie peke yake kwa kosa la watu wawili. Ami yake alikuwa na kompyuta kuukuu iliyokaa bure, tukaipeleka kwa fundi ikatengenezwa. Humo hamna barua, hamna hesabu, wala hamna picha za dada zake. Mna mchezo tu, na mlinzi na akae humo apendavyo. Kumfungulia jina lake na neno lake la siri katika kompyuta ya nyumbani kusingetosha, kwani aliye kwenye kiini aweza kuvifikia vyumba vyote.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako wamo vijana wachezao, usianze kwa kukataza. Kaa nao uwaulize: mchezo huu una mlinzi? Anakaa wapi, ukumbini au chumba cha ndani? Huamka lini, na huzimwa vipi? Tangu mwaka 2024 duka la michezo liitwalo Steam huwataka wenye michezo waandike wazi kama mlinzi wao hukaa kwenye kiini, basi khabari hiyo yasomeka kabla ya kununua. Na kilicho amana ya watu kisikae mahali pamoja na mchezo. Kisha waambie vijana kwa upole kuwa aghushiye mchezo naye ana sehemu yake katika jambo hili.

Juzi nilikuwa chumbani nikihesabu michango, mlango ukagongwa. "Hodi, Baba." Nikamwambia karibu. Akasimama kizingitini na simu yangu mkononi, akasema, "Kuna kitu kinaomba kuingia. Tukisome kwanza?"

Tukaketi, tukakisoma mpaka mwisho. Kisha tukakataa.

Wabillahi tawfiq.